Mzee, Hati ya Shamba Iko Wapi?



Jumapili moja, baada ya Misa katika kigango kimoja cha upande wa Kaplong, mama mmoja alinisubiri nje hadi watu wote walipokwisha kusalimiana na kuondoka. "Mwalimu," akaniambia, "nina shida ya ndoa, lakini hatujagombana." Nikamwambia aseme. Akaanza kulia kwanza.

Alikuwa ameishi na mumewe miaka 41. Walikuwa na shamba la chai, ng'ombe watatu wa maziwa na watoto sita, wote wakubwa. Asubuhi moja mzee alikwenda kituo cha chai kungoja lori la kiwanda, na hapo hapo, kikapu kikiwa bado hakijapimwa, kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kulia ukafa, na ulimi nao ukafungwa. Walipofika hospitali watoto wakaanza kumuuliza mama yao. Baba yuko katika bima gani? Fedha za chai zinaingia benki ipi? Ana akiba katika chama cha ushirika? Hati ya shamba iko wapi?

"Mwalimu, mimi sikujua hata moja," akasema. "Najua kila mche wa chai katika lile shamba. Nimeuchuma kwa mikono hii tangu mtoto wa kwanza akiwa mgongoni. Lakini karatasi zote ni za mzee. Nilikuwa nikimwona akizifungia, sikuuliza. Ningeuliza ningeonekana namwombea kifo."

Kwa hiyo fedha za chai ziliendelea kuingia kila mwezi katika akaunti ambayo mwenye kuweka sahihi alikuwa mmoja tu, na mkono wake wa kuweka sahihi ulikuwa umelala kitandani kama ukuni. Familia ikauza ng'ombe wawili ili kulipa hospitali. Waliuza kwa haraka, na mwenye kuuza kwa haraka sote twajua hupata nini.

Wapendwa, mama huyu hakudhulumiwa na mume mbaya. Mumewe alikuwa mtu wa kanisa, asiyelewa, aliyewasomesha watoto. Kosa lake ni moja tu: hakusema. Na mkewe hakuuliza. Somo letu la leo ni juu ya ukimya huo, maana naamini katika nyumba nyingi za wasomaji wetu ukimya kama huo uko, ukiwa umekaa kitako kama mgeni aliyezoea.

Kwa nini hatusemi? Mume anaogopa kwamba mke akijua kila kitu atapata kiburi, au ndugu zake watajua. Mke anaogopa kuambiwa anataka mzee afe arithi. Na wote wawili wanaogopa kwamba kulitaja jambo ni kuliita. Basi hebu tumtazame mzee mmoja wa Maandiko, Tobiti. Kitabu chake tunacho sisi Wakatoliki katika Biblia zetu, ila hatukisomi mara nyingi isipokuwa kwenye harusi. Tobiti alikuwa amepofuka, tena amekuwa maskini, akaomba afe. Ndipo akakumbuka kwamba zamani aliweka talanta kumi za fedha kwa mtu aitwaye Gabaeli huko Rage, nchi ya Umedi. Akamwita mwanawe Tobia, akamweleza habari za fedha hizo, akamwagiza amzike vema na amtunze mama yake. Tena kulikuwako na hati ya maandishi ya kuthibitisha amana ile. Tunaona basi kwamba mtu mcha Mungu anaweza kuzungumza juu ya kifo chake, fedha zake na mjane wake katika mazungumzo yale yale, wala si dhambi wala uchuro.

Lakini kuna jambo jingine katika kitabu hicho ambalo mimi hunisumbua. Katika miaka ile ya shida, aliyewalisha alikuwa mkewe Anna, kwa kufuma nguo za watu kwa malipo. Walifika hata kugombana kwa sababu ya mwana-mbuzi aliyepewa kazini. Na wakati huo wote talanta kumi zilikuwa zimelala Rage! Je, Anna alijua? Maandiko hayatuambii. Ninyi mnaofunga karatasi sandukuni wakati mama wa nyumba anakopa sukari dukani, fikirini habari ya Anna.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe.

Kwanza mketi pamoja, ninyi wawili peke yenu, mwandike mlicho nacho. Daftari la shule linatosha. Andikeni kila kipande cha ardhi, namba yake na jina lililo katika hati. Andikeni namba ya mkulima mnayopeleka nayo chai, iko kwa jina la nani, na malipo ya kila mwezi pamoja na bonasi yanaingia wapi. Wengi wenu mna hisa katika kampuni ya kiwanda chenu cha chai nanyi mmezisahau, kwa sababu zilikatwa kidogo kidogo kwenye malipo miaka mingi iliyopita. Andikeni akiba ya ushirika, NSSF kama mmoja wenu aliwahi kuajiriwa katika mashamba makubwa ya Kericho au kwingineko, pensheni ya ualimu, bima ya maisha, fedha za kwenye simu. Fedha ambazo hakuna anayezidai hazipotei angani. Kwa sheria ya mwaka 2011, benki na kampuni hupaswa kuzipeleka kwa mamlaka ya serikali inayotunza mali isiyodaiwa, na huko zinangoja mtu atakayekuja na karatasi. Lakini nani atakuja ikiwa hakuna anayejua kwamba zipo?

Na madeni pia, tafadhali. Mbolea iliyochukuliwa kwa mkopo na kukatwa kwenye chai, mkopo wa ushirika, jirani uliyemdhamini bila kumwambia mkeo. Hili la kudhamini limevunja amani ya nyumba nyingi kuliko pombe, nami sisemi kwa mzaha.

Halafu tazameni zile fomu za kuandikisha mrithi katika ushirika na pensheni. Mzee mmoja mwalimu aliandika jina la mama yake alipoanza kazi akiwa kijana. Akaoa, akazaa, akastaafu, mama yake akafa, yeye akafa. Jina la mama likabaki pale pale. Mabadiliko ya fomu hizo ni kazi ya dakika chache. Fanyeni mwaka huu.

Sasa hati ya shamba. Katika nchi yetu ya chai mashamba mengi bado yako kwa jina la babu aliyekwisha zikwa. Baba aligawiwa kwa maneno, akapanda chai, akafa. Watoto nao wamejenga, na kwenye karatasi za serikali bado ni shamba la mtu ambaye wajukuu hawakumwona. Kama hali yenu ni hiyo, hamwezi kuandika wosia mzuri juu ya ardhi isiyo yenu kisheria. Anzeni na mirathi ya babu. Mtahitaji cheti cha kifo na barua ya chifu inayowataja warithi wote, kisha maombi yapelekwe mahakamani, Sotik, Bomet au Kericho kadiri ya thamani ya mali. Tangazo hutolewa katika gazeti rasmi la serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Kwa kawaida miezi sita hupita tangu wasimamizi wateuliwe ndipo mahakama ithibitishe mgawo. Ni safari ndefu, na ina gharama. Lakini kila mwaka mnaochelewa shahidi mmoja wa zamani huzikwa, na mjukuu mmoja huongezeka.

Kama hati ni ya mume peke yake, na wote wawili mmeitolea jasho, fikirini kuiandikisha kwa majina yenu mawili kama wamiliki wa pamoja. Sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012 inawaruhusu hasa mume na mke kumiliki kwa namna hii. Faida yake ni kubwa: mmoja akifariki, anayebaki hupeleka cheti cha kifo kwa msajili, jina la marehemu linafutwa, na shamba linabaki kwake bila mirathi. Yule mama wa Kaplong hangekuwa na haja ya kumwuliza mtu. Waume wengine huniambia, "Mwalimu, nikimwandika atauza." Hawezi kuuza peke yake, kama vile wewe nawe huwezi. Tena tangu sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013, katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya wote wawili, hata hati ikiwa na jina moja.

Wosia unatisha watu bure. Ni karatasi tu. Sheria ya Urithi ya Kenya, ambayo ilianza kutumika mwaka 1981, inamruhusu kila mtu mzima mwenye akili timamu kuandika wosia, mume wake na mke wake, kila mmoja kwa mali yake. Uandikwe, uutie sahihi au alama yako mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie sahihi zao mbele yako. Mashahidi wasiwe watu utakaowarithisha: anayepewa kitu katika wosia akiwa ndiye shahidi, kipawa chake hubatilika isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili wasiohusika. Taja msimamizi, mtu mwaminifu atakayetekeleza. Waweza kutaja zaidi ya mmoja, lakini mahakama haitoi usimamizi kwa zaidi ya watu wanne. Wakili husaidia sana, hasa mali ikiwa nyingi au familia ikiwa na mafundo, ila wosia halali hauhitaji lazima muhuri wake. Na mjane au mgane akifunga ndoa tena, ajue kwamba ndoa hiyo hufuta wosia wake wa zamani, isipokuwa aliuandika akiitazamia ndoa hiyo. Auandike upya.

Wengi hutegemea maneno. "Baba alisema." Kila matanga yana mtu anayesimama na kusema, "Baba alisema," na mwingine anayesimama na kusema baba hakusema hivyo. Sheria inaukubali wosia wa mdomo, lakini kwa masharti: usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji afariki katika muda wa miezi mitatu tangu aliposema. Kwa hiyo yale uliyowaambia wazee wa kokwet miaka kumi iliyopita, ukiwaonyesha mipaka kwa fimbo, kama wosia hayana nguvu.

Usipoandika, sheria itakuandikia. Ukiacha mke mmoja na watoto, mke hupata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali iliyobaki huitumia maisha yake yote. Ardhi hawezi kuiuza bila ruhusa ya mahakama. Baada yake, watoto hugawana sawasawa. Nasema watoto, sikusema wavulana.

Hapa najua baadhi ya wazee wataweka gazeti chini. Naomba mlichukue tena.

Mwaka 1988 mkulima mmoja wa Uasin Gishu alifariki bila wosia, akaacha wake wawili, wana watatu na mabinti sita. Nyumba moja ilikuwa na mabinti watupu. Kesi hiyo, inayojulikana kwa mawakili wote kama kesi ya Rono, ilifika Mahakama ya Rufani huko Eldoret, na hukumu ikatolewa mwaka 2005. Ilidaiwa kwamba mabinti wapate kidogo kwa sababu wataolewa na kwa sababu ndivyo mila isemavyo. Majaji walikataa hoja hiyo. Walisema sheria haimbagui mtoto kwa kuwa ni msichana, na kwamba kuolewa ni uamuzi wake mwenyewe wala hakumwondolei haki. Wale walikuwa watu wa jamii zetu hizi za Wakalenjin, si watu wa mbali. Miaka mitano baadaye Katiba ya 2010 ikaliweka jambo hilo wazi zaidi. Tazameni miaka iliyopita katikati: 1988 hadi 2005. Miaka 17 watoto wa baba mmoja wakikutana mahakamani.

Wala jambo hili si la Wazungu. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakadai sehemu ya baba yao aliyekufa bila mwana. Musa hakuwafukuza. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akasema wamenena haki.

Nawauliza wazazi wenye unyofu: mama akiugua, nani hupanda gari usiku kutoka Nairobi au Nakuru kuja kumwogesha? Katika nyumba nyingi ninazozijua ni binti, tena mara nyingi yule yule aliyeambiwa hana kwao. Simaanishi kwamba kila mtoto lazima apimiwe ardhi kwa kamba. Yupo aliyesomeshwa kwa gharama kubwa hadi chuo kikuu, na yupo aliyebaki akichuma chai ili yule asome. Hayo yote mnaweza kuyapima katika wosia na kuyaeleza kwa maandishi, ili asiyepata ardhi ajue kwa nini. Msichoweza kufanya ni kumwacha mtu kana kwamba hakuzaliwa. Mke, mtoto, au mzazi mzee uliyekuwa ukimtunza akiachwa bila riziki ya kutosha, aweza kwenda mahakamani na wosia wako ukarekebishwa.

Na kwa kuwa huu ni ukurasa wa wanandoa, niseme na lile linalosemwa kwa minong'ono. Kama una mtoto nje ya ndoa yako, mwambie mwenzako ungali hai. Itauma. Huenda nyumba ikatikisika, na mtahitaji padre au wazee wa ndoa wa kuwashika mkono. Lakini maumivu hayo ni afadhali kuliko yale ya mke anayeyajua mbele ya jeneza, watu wote wakimtazama. Mtoto huyo kisheria ana haki kama wengine ikiwa ulimkubali, na mbele ya Mungu hana kosa lolote.

Nimeulizwa mara nyingi: je, si afadhali kugawa kila kitu tungali hai, tumalize? Yoshua bin Sira, sura ya 33, ana jibu kali. Anaonya mtu asimpe mwana, wala mke, wala ndugu, wala rafiki, mamlaka juu yake wakati angali anapumua, asije akajuta na kurudi kuomba. Heri watoto wakuombe wewe kuliko wewe kutazama mikono yao. Mali, anasema, igawe siku za mwisho wako. Aliyaandika hayo zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, lakini ungedhani alikuwa amekaa pale njia panda ya Kaplong akiwatazama wazee wakishuka matatu kwenda kuomba mia mbili kwa mtoto.

Maoni yangu ni haya. Waonyesheni watoto mahali pa kujenga, na kama mna nguvu, pasukeni kisheria kwa idhini ya bodi ya ardhi, maana mashamba ya kilimo hayahamishwi bila idhini hiyo. Lakini ninyi wawili bakini na nyumba yenu, kisima chenu, na chai ya kutosha kuwalisha na kuwatibu hadi wa mwisho wenu afunge macho. Msiitoe chai hiyo hata mtoto akilia. Wala msikimbilie kuikata chai vipande. Shamba la ekari mbili likigawiwa watoto sita, kila mmoja hupata kitalu kisichojaza gunia. Wako ndugu walioamua kuacha chai ikiwa moja, namba moja, mmoja akisimamia kwa ujira, na bonasi ikigawanywa kwa hesabu inayosomwa mbele ya wote. Si rahisi; inahitaji ndugu wanaopatana. Lakini nimeona ikifanya kazi. Pia nimeona mvulana aliyepewa ekari yake akiwa na miaka 25 akaiuza, akanunua pikipiki, na sasa yuko kwenye ekari ya mama.

Sasa swali gumu kuliko ardhi: nani atakuogesha?

Kwa desturi ya Wakipsigis kitinda mimba wa kiume hubaki nyumbani na wazazi, na boma huwa lake. Ilikuwa desturi ya hekima, maana mzigo na malipo vilikwenda pamoja. Leo kitinda mimba yuko Mombasa, au Qatar, au ameoa mwalimu anayefundisha mbali. Boma bado analitazamia, lakini mzigo umebaki hauna mtu. Zungumzeni naye waziwazi, na pia na mkewe, maana mara nyingi tunamwahidi mkaza mwana kazi ambayo hakuna aliyemwuliza. Tena kumbukeni heshima: mkaza mwana kumvua na kumwogesha baba mkwe ni aibu kubwa kwa wote wawili. Mzee atakataa, atakaa mchafu siku tatu, na watu watasema mke wa mwana ni mvivu. Afadhali mpange mapema kijana wa kiume wa ukoo, au mtu wa kuajiriwa, na chai ya wazee imlipe. Anayemtunza mgonjwa naye ni mtu. Apewe siku ya kupumzika, na ndugu walio mbali wasije Krismasi kukagua tu.

Yako mambo madogo yanayofanywa mapema. Choo cha shimo cha kuchuchumaa ni adui wa magoti ya miaka 75. Jengeni cha kukalia, karibu na nyumba, chenye mahali pa kushika. Bonasi ya mwaka mmoja inatosha kazi hiyo na chenji. Jiandikisheni katika bima ya afya ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Kwa wasio na mshahara mchango hukadiriwa kwa mapato ya nyumba, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Msingoje hadi siku ya kulazwa. Tangu mwaka 2018 serikali ilianza kuwaandikisha wazee wa miaka 70 na zaidi katika mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi na huchelewa, lakini ulizeni kwa chifu jinsi ya kuandikishwa.

Na akaunti ya benki? Fungueni ya pamoja, ambayo mmoja wenu yeyote aweza kutoa fedha. Watu hunionyesha hati ya uwakilishi wakidhani itawasaidia mzee akipotewa na akili. Hati hiyo ya kawaida hukoma kuwa na nguvu wakati huo huo inapohitajika, na familia hulazimika kwenda mahakamani kuomba msimamizi. Akaunti ya pamoja ingewaokoa wale ng'ombe wawili.

Ambianeni pia mnavyotaka kuuguzwa. Kanisa halimlazimu mgonjwa kukubali kila matibabu yaliyo mazito na ya gharama kupita faida yake. Katekisimu inaeleza kwamba anayeyakataa hivyo hakusudii kuleta kifo, bali anakubali kwamba hawezi kukizuia. Linalokatazwa ni kukatisha uhai, na kumnyima mgonjwa matunzo ya kawaida. Basi mwambie mwenzako, na umwambie mtoto mmoja mwenye moyo thabiti: nikishindwa kusema, ninyi mseme hivi. Na padre aitwe mapema. Mpako wa Wagonjwa si tiketi ya kufa. Mzee anayeingia katika ugonjwa mzito hupakwa, akipona humshukuru Mungu, akiugua tena hupakwa tena.

Mtaanzaje mazungumzo haya? Msianze siku ya ugomvi, wala siku mmetoka matanga ambapo kila mtu anamwogopa mwenzake. Chagueni jioni moja tulivu. Anayeanza na aanze na ya kwake: "Mama watoto, nataka nikuonyeshe nilichoficha." Mume akisema hivyo, mke asimrukie kwa maswali ya miaka thelathini, apokee daftari, asome. Mke naye ana vyake: kikundi cha akina mama, fedha alizoweka kwa dada yake, ng'ombe aliyemlisha kwa jirani. Navyo viandikwe. Mkishaelewana ninyi wawili ndipo muwaite watoto, wote, wa kiume na wa kike, kwa siku moja, msikie na maoni yao. Uamuzi ni wenu.

Yule mzee wa Kaplong hakurudiwa na ulimi wake wote. Lakini baada ya wiki kadhaa aliweza kuinua mkono wa kushoto, akaonyesha darini. Mwana wao akapanda, akashusha bati la biskuti. Hati ilikuwa humo, pamoja na stakabadhi za chai za miaka mingi, picha yao ya harusi, na karatasi moja iliyoliwa na panya pembeni hata haikusomeka tena. Mama anaamini ulikuwa wosia. Mzee alipoulizwa, alilia tu, naye akamfuta machozi.

Wiki hii, kabla ya kulala, ulizaneni: Je, nikianguka kesho, wewe utajua pa kuanzia? Ni jambo gani juu ya mali yetu ambalo sijawahi kukuambia? Nani kati ya watoto wetu tunamtegemea bila kumwuliza? Majibu yaandikeni katika daftari, nakala moja kwa msimamizi na nyingine nyumbani, ndani ya kitu ambacho panya hawezi kukitafuna.